Kutoka Tanga Hadi Kitale: Ken Walibora na Riwaya ya Vijana

Hadi katikati ya miaka ya 1990, aliyefungua riwaya ya Kiswahili alitarajia kumfuata mhusika Unguja, Dar es Salaam, Mombasa au, kwa wasomaji wa Euphrase Kezilahabi, kisiwani Ukerewe. Kitale haikuwamo. Ulikuwa mji wa mahindi na mbolea, mwisho wa reli, mahali ambapo malori hupakia magunia na kugeuza kurudi Nairobi. Mwaka 1996 kampuni ya Longhorn ikatoa kitabu chembamba kiitwacho Siku Njema. Ndani yake kijana yatima anaondoka Tanga, anavuka mpaka na kwenda bara, hadi Kitale, kumtafuta baba asiyemjua.

Aliyekiandika ni Ken Walibora, jina lake la ukoo Waliaula, Mbukusu aliyezaliwa Bungoma na kukulia Cherangany, upande wa Trans Nzoia. Kwa miaka ishirini na minne iliyofuata aliandika riwaya, hadithi fupi, tamthilia, vitabu vya watoto, tawasifu, makala za gazeti na utafiti wa kitaaluma. Wengi wanamkumbuka kwa wingi huo wa vipawa, na ni haki yake. Mimi naona jambo jingine zito zaidi. Walibora ndiye aliyewaonyesha vijana wa bara la Kenya kwamba Kiswahili kinaweza kusimulia maisha yao, mashamba yao na vita vyao, bila wao kujifanya watu wa pwani na bila mwandishi kuwarahisishia lugha.

Ili kuelewa alikotoka, yafaa kujua Kitale ilivyopatikana. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, askari wa Kiingereza waliostaafu walipewa mashamba makubwa Trans Nzoia, na mwaka 1926 reli ikafika mjini kuja kuchukua mahindi. Waafrika walioishi humo walihesabiwa kuwa vibarua wa mzungu, wakakaa kwa idhini yake. Uhuru ulipokaribia, serikali ilianzisha mpango wa kununua ekari milioni moja kutoka kwa walowezi na kuwauzia Waafrika kwa mkopo. Hapo ndipo familia nyingi za Wabukusu zilipofunga mizigo kutoka Kimilili, Chwele na Sirisia, zikahamia Trans Nzoia kutafuta shamba. Walikutana na Wasabaot, Wapokot, Wakikuyu, Waturkana na Wateso, kila mmoja na lugha yake na dai lake. Sokoni, kwenye foleni ya kinu cha posho na mbele ya karani wa ushirika, walielewana kwa Kiswahili.

Walibora alizaliwa katikati ya miaka ya 1960, wakati uhamaji huo umepamba moto, na yeye mwenyewe akahamishwa nao akiwa mtoto. Masomo yake yalikwenda huku na huku kati ya Bungoma na Trans Nzoia: Teremi upande wa Bungoma, Suwerwa upande wa Cherangany. Mtoto wa namna hiyo hujua mapema kwamba ardhi hupatikana na hupotea, na kwamba jirani wa leo anaweza kuulizwa kesho alitoka wapi. Haya mawili yatarudi katika vitabu vyake vikubwa.

Wakati huohuo shuleni kulikuwa na mabadiliko ambayo wanahistoria wa fasihi hawayapi uzito unaostahili. Mwaka 1985 Kenya ilianza mfumo wa elimu wa 8-4-4, uliotokana na ripoti ya tume ya Mackay ya 1981. Kiswahili, ambacho awali mwanafunzi angeweza kukipuuza bila hasara, kikawa somo la lazima lenye mtihani katika shule za msingi na za upili. Mtihani wa kwanza wa KCPE, wa kumaliza shule ya msingi, ulifanywa mwaka huo, na wa KCSE, wa kumaliza shule ya upili, mwaka 1989. Ghafla mamia ya maelfu ya vijana wa Kisii, Meru, Kericho na Bungoma walitakiwa kusoma riwaya ya Kiswahili kuanzia jalada hadi jalada. Vitabu vilivyokuwapo vilikuwa vizuri, tena vingine vizuri mno, lakini vingi vilitoka Tanzania na Zanzibar, na dunia yake ilikuwa ya ujamaa, ya usultani, ya mashua na karafuu. Kenya yenyewe ilikuwa na Katama Mkangi, aliyeandika Ukiwa, Mafuta na Walenisi. Naye alikuwa mtu wa pwani. Wasomaji walikuwa wamekwisha kuumbwa. Aliyekosekana ni mwandishi aliyewajua.

Siku Njema ilikuja kujaza nafasi hiyo. Msimulizi wake ni Msanifu Kombo, mtoto wa Zainabu Makame, mwimbaji wa taarabu maarufu mjini Tanga. Mama anafariki, mtoto anabaki mikononi mwa jamaa, na mateso ya yatima yanaanza. Kinachomwinua ni lugha. Shuleni anakuwa hodari wa Kiswahili hata anabandikwa jina la Kongowea Mswahili, na kizazi kizima cha Wakenya kinamjua kwa jina hilo la pili. Baba yake ni mtu wa Kenya, tena wa huko mbali, na kijana anaamua kwamba hatatulia mpaka amwone.

Safari hiyo ndiyo moyo wa kitabu. Walibora angeweza kuifanya kwa mwelekeo uliozoeleka: kijana wa bara anashuka pwani kutafuta ustaarabu na lugha safi. Aligeuza. Mwenye lugha safi ndiye anayehitaji kitu kutoka bara. Tanga, mkoa alimozaliwa Shaaban Robert mwaka 1909, inampeleka mwanawe Kitale. Naamini uchaguzi wa Tanga haukuwa wa bahati nasibu. Kijana wa Bungoma aliyejifunza Kiswahili kwa kusoma Shaaban Robert alijua anakotoa baraka, na alitaka baraka hiyo ipande milima. Kama Kongowea anampata baba, na katika hali gani, nawaachia ambao bado hawajakisoma. Nitasema tu kwamba Walibora hakumtuza kijana wake kwa urahisi, na ndiyo maana mwisho wake unabaki kichwani miaka mingi baada ya mtihani kusahaulika.

Sifa nyingine ya kitabu hicho ni namna kinavyomheshimu msomaji wa miaka kumi na sita. Methali zimejaa, misamiati mizito imetandazwa bila kuomba radhi, sentensi hupinda na kurefuka kwa raha. Walimu walilalamikia ugumu wake, na wanafunzi wakaanza kuandika madaftari ya msamiati. Nimewahi kusikia watu wazima, wengine wafanyabiashara wasiohusika kamwe na fasihi, wakikariri vipande vya Siku Njema kwa moyo kama wengine wanavyokariri tenzi. Kitabu kiliingia katika orodha ya vitabu teule vya KCSE na kikafika hata katika shule ambazo hazikuwa na maktaba. Baadaye kilitafsiriwa kwa Kiingereza. Ni nadra riwaya ya Kiswahili kufunga safari hiyo, maana kwa kawaida ni sisi tunaotafsiri vya wenzetu.

Wakati huo Walibora hakuwa msomi wa chuo kikuu. Alifanya kazi ya ualimu na ya afisa wa probesheni, yule anayesimama kati ya mahakama na jela na kumweleza hakimu huyu kijana ni nani, ametoka nyumba gani, na kama anafaa kupewa nafasi nyingine. Ni kazi ya kusikiliza masimulizi ya watu walioanguka. Sijui shule bora kuliko hiyo kwa mwandishi wa riwaya za vijana. Kila mara katika vitabu vyake utamkuta mtu aliyetuhumiwa kwa kosa ambalo hakulifanya, au aliyelifanya kwa sababu ambazo faili la polisi halina nafasi ya kuziandika.

Kituo cha televisheni cha Nation kilipoanza mwishoni mwa miaka ya 1990, Walibora alijiunga na dawati la Kiswahili. Wakenya waliomjua kwa jina kwenye jalada sasa waliiona sura yake na kuisikia sauti yake, nzito na ya taratibu, ikisoma habari. Hili lilikuwa na maana kubwa katika nchi ambapo taarifa ya Kiswahili ilichukuliwa kuwa tafsiri ya haraka ya ile ya Kiingereza. Hapo mtangazaji alikuwa mwandishi wa Siku Njema. Hakuna aliyeweza kudhani amewekwa hapo kwa kukosa pengine pa kwenda.

Vitabu vilifuatana. Ndoto ya Amerika ilitoka mwaka 2001 na kumpatia Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta katika kundi la vitabu vya vijana. Inahusu ile homa ya kwenda ng'ambo iliyowashika vijana wa Kenya wa wakati huo, wakiamini kwamba upande wa pili wa bahari pesa huokotwa. Ndoto ya Almasi ya 2006 nayo ilikuwa ya wasomaji wachanga. Alitunga vitabu vya watoto wa madarasa ya chini pia, akaandika tamthilia Mbaya Wetu. Sitakaa juu ya hivi vyote kwa kiwango kimoja, kwa sababu havilingani. Vingine viliandikwa kwa mkono mwepesi, kwa soko la shule lililohitaji kurasa themanini kwa wakati, na vinasomeka hivyo.

Kufa Kuzikana, iliyotoka mwaka 2003, iko katika daraja nyingine. Marafiki wawili, Akida na Tim, wanatoka katika makabila hasimu, Wakorosho na Wakanju. Majina hayo ya kubuni yasimdanganye mtu. Kila msomaji wa Trans Nzoia na Bungoma alijua kinachozungumziwa. Mwishoni mwa Oktoba 1991 mapigano yalizuka katika shamba la Meteitei, Nandi, na ndani ya miezi michache yalikuwa yameenea hadi Trans Nzoia, Bungoma na Uasin Gishu. Nyumba zilichomwa Endebess na Saboti. Familia zilizokuwa zimehamia Trans Nzoia miaka thelathini nyuma kutafuta shamba zilirudi njia ileile na magodoro kichwani. Vyama vingi vilikuwa vinarejea nchini, na wanasiasa waliogopa kura za majirani. Waliorusha mishale walikuwa vijana, rika hasa la wasomaji wa Walibora.

Angeweza kuandika kitabu cha lawama. Aliamua kuuliza kama urafiki wa wavulana wawili unaweza kustahimili pale watu wazima wanapoamua kwamba usistahimili. Swali hilo ni gumu zaidi, kwa kuwa haliishii kwa rais wala kwa mbunge. Linaingia jikoni. Mama anayempikia rafiki ya mwanawe anajua nini kuhusu kinachopangwa usiku? Baba aliyenyamaza anahesabiwa wapi? Kuna mahali katika riwaya hii ambapo mtindo unalegea na matukio yanakimbia mno, na mhariri mkali angemzuia. Lakini hakuna kitabu kingine cha Kiswahili cha Kenya kilichoyatazama mapigano yale kwa macho ya kijana, mapema hivyo, bila kutafuta kabila la kubebesha dhambi.

Miaka minne baada ya Kufa Kuzikana kuchapishwa, Kenya ililipuka baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Kambi za waliofurushwa zilijaa tena Trans Nzoia. Mlima Elgon, upande wa Bungoma, tayari ulikuwa umewaka tangu 2006 kwa vita vya kundi la SLDF lililodai kupigania ardhi ya Chepyuk, mpaka jeshi likaingia Machi 2008 na kuongeza maumivu yake juu ya yale yaliyokuwapo. Walimu waliokuwa wakifundisha riwaya ya Walibora kama hadithi ya miaka iliyopita walijikuta wakiisoma pamoja na watoto waliolala kwenye mahema.

Mwenyewe hakuwapo. Baada ya kuhitimu shahada ya kwanza katika Chuo Kikuu cha Nairobi, akiwa mtu mzima na mwandishi aliyekwisha kujulikana, alikwenda Marekani, Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio, na mwaka 2009 akapata uzamivu. Tasnifu yake ilihusu masimulizi ya wafungwa wa kisiasa wa Kenya. Afisa wa probesheni wa zamani alirudi jela kwa njia ya vitabu. Alichunguza maandishi ya waliofungwa kwa ajili ya fikra zao, na alimpa nafasi ya pekee Abdilatif Abdalla, mshairi wa Mombasa aliyefungwa miaka mitatu, kuanzia 1969, kwa sababu ya waraka wake Kenya: Twendapi? Mashairi aliyoyatunga jela yalitoka mwaka 1973 katika diwani ya Sauti ya Dhiki, na mwaka uliofuata yakashinda tuzo inayobeba jina la rais aliyemfunga. Walibora aliandika makala ya kitaaluma juu ya diwani hiyo, na mwaka 2014 akatoa kitabu cha Kiingereza kuhusu masimulizi ya jela barani Afrika. Alifundisha pia Chuo Kikuu cha Wisconsin mjini Madison.

Miaka ya Marekani iliacha alama katika hadithi fupi ya Damu Nyeusi, iliyoipa jina diwani aliyoihariri pamoja na Said Ahmed Mohamed mwaka 2007. Fikirini, mwanafunzi wa Kiafrika nchini Marekani, anagundua jinsi ngozi yake inavyosomwa na askari wa barabarani, na anatarajia angalau undugu kutoka kwa Mmarekani mweusi. Kinachompata hakimfurahishi. Ukiisoma hadithi hii baada ya Ndoto ya Amerika utaona mwandishi aliyewaonya vijana kutoka mbali sasa akiwasimulia kutoka ndani. Onyo ni lilelile. Uchungu umeongezeka.

Kisha kikaja kitabu ambacho, kwa Mkenya aliyefanya KCSE kati ya 2013 na 2017, hakihitaji kutambulishwa. Kidagaa Kimemwozea kilitoka mwaka 2012 na kufanywa riwaya teule kwa miaka hiyo mitano, huku Damu Nyeusi ikiwa diwani teule ya hadithi fupi kwa kipindi hichohicho. Maana yake ni kwamba mtahiniwa wa kidato cha nne, awe Lamu, Lodwar au Bungoma, alibeba mkobani vitabu viwili vyenye jina la Walibora. Vikundi vya maigizo vilizunguka shuleni vikiigiza Kidagaa kumbini, wahusika wake wakaingia katika utani wa mabweni, na miongozo ya mtihani ikauzwa mitaani kuliko magazeti.

Riwaya imewekwa Sokomoko, katika nchi ya kubuni ya Tomoko, lakini aliyekulia Trans Nzoia hatapotea njia. Mtemi Nasaba Bora anaishi katika jumba na shamba lililokuwa la mkoloni, Majununi, naye ameongeza ukubwa wake kwa hati bandia. Wenye ardhi hiyo wamekufa, wamefungwa au wamefukuzwa. Amani na Imani, kijana na msichana waliokutana ukingoni mwa Mto Kiberenge, wanaingia Sokomoko wakiwa maskini, Amani akawa mchungaji wa ng'ombe wa Mtemi na Imani mtumishi wa ndugu yake Mtemi. Taratibu msomaji anatambua kwamba wote wawili wanatumikia nyumba iliyowanyang'anya. Mapema katika maisha yake Walibora aliona mashamba ya walowezi yakigawanywa, na aliona pia ni akina nani waliopata vipande vinono. Kidagaa ni hesabu ya miaka hamsini ya jambo hilo, imefanywa na mtu aliyekaa karibu.

Kuna mkondo wa pili humo unaonigusa zaidi kuliko ule wa ardhi. Ndugu wa Mtemi, Mwalimu Majisifu, ni mwandishi mashuhuri na mlevi. Riwaya iliyompa umaarufu, nayo inaitwa Kidagaa Kimemwozea, hakuiandika yeye. Mswada ulitoka kwa Amani, kijana asiyejulikana aliyeutuma kwa matumaini. Kwa hiyo kitabu tulichokishika mkononi kinajisimulia kuwa kimeibwa. Wahakiki wamelifurahia hilo kama ufundi wa kimuundo, na ni ufundi kweli. Lakini kwanza ni kilio cha kweli kwa niaba ya kila kijana wa Kimilili au Kapenguria aliyewahi kuandika kwa mkono katika daftari la kurasa 200, akatuma Nairobi kwa posta, na asisikie neno. Katika nchi ambapo kutambuliwa kwenye orodha ya shule humfanya mwandishi tajiri na kutotambuliwa humwacha hana msomaji hata mmoja, wizi wa mswada ni wizi wa shamba. Walibora aliyaweka mawili hayo katika familia moja, ndugu wawili, mwizi wa ardhi na mwizi wa maneno, na naona hilo ndilo wazo bora zaidi alilowahi kulipata.

Amani anapopata nafasi ya kulipiza kisasi, hakilipizi. Wanafunzi wengi hubishana juu ya hilo darasani, na ni vizuri wabishane. Wengine humwona dhaifu. Walibora alikuwa tayari amewahi kuandika kitabu cha vijana kiitwacho Kisasi Hapana, kwa hiyo msimamo wake haukuwa siri. Mimi nina shaka na namna Mtemi anavyoondoka katika hadithi na jinsi mwanawe, Madhubuti, anavyorudisha ardhi kwa wema wake tu; huko Trans Nzoia sijasikia hati zikirudi kwa njia hiyo. Ila naelewa kwa nini mtu aliyeshuhudia mapigano ya 1992, na kisha kuyasikia ya 2008 akiwa mbali, angekataa kabisa kumpa kijana panga, hata katika karatasi.

Mwaka 2014 alitoa tawasifu, Nasikia Sauti ya Mama. Kwa waliomjua kupitia riwaya, kitabu hiki kilikuwa ufunguo. Utoto wa Bungoma na Cherangany umo, na shule, na umaskini usiopambwa, na mama ambaye mwanawe alimpoteza na hakuacha kumsikia. Baada ya kukisoma, Zainabu Makame wa Tanga hawi tena mhusika wa kubuni tu. Yatima wote wa Walibora, wale wanaotafuta baba na wale wanaolea watoto walioachwa mlangoni, wanapata chanzo. Tawasifu za Kiswahili ni chache, na nyingi ni za viongozi wanaojitetea. Hii ni ya mtoto wa mkulima, imeandikwa kwa Kiswahili kilekile cha riwaya zake, na vijana waliisoma kama riwaya nyingine yake.

Aliporudi Kenya alishika tena kazi katika kampuni ya Nation, safari hii akisimamia ubora wa Kiswahili. Safu yake katika Taifa Leo ilikuwa ya ukali wa upendo. Aliwakemea watangazaji waliotafsiri Kiingereza neno kwa neno, akawatetea waandishi wachanga, akawakumbusha wachapishaji kwamba kijana si soko tu. Alialikwa shuleni kila mara. Wanafunzi walitaka kumwuliza kwa nini mhusika fulani alikufa, naye aliwajibu kwa uzito kana kwamba ni mkutano wa wasomi.

Ijumaa Kuu, tarehe 10 Aprili 2020, aligongwa na matatu katika barabara ya Landhies, Nairobi, karibu na Muthurwa. Kenya ilikuwa na wiki chache tangu kisa cha kwanza cha korona, jiji limefungwa, watu wamejificha nyumbani. Familia na marafiki walimtafuta kwa siku kadhaa, na tarehe 15 ndipo mwili wake ulipotambuliwa katika hifadhi ya maiti ya Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta. Uchunguzi wa daktari ulionyesha pia jeraha la kitu chenye ncha mkononi, jambo lililowafanya wapelelezi kuanza kuuliza kama alikuwa akifukuzwa. Wasomaji wake waliokuwa wamempoteza Kezilahabi mwezi Januari walijikuta wakiandika tanzia ya pili kabla ya nusu ya mwaka kufika.

Alizikwa Cherangany mwezi huohuo, chini ya kanuni za korona zilizoruhusu waombolezaji wachache tu kaburini. Katika nchi ya Wabukusu, ambako mazishi ya mtu wa kimo chake yangevuta maelfu na kuchukua siku nyingi za hotuba, hilo lilikuwa pigo juu ya pigo. Maombolezo yalihamia redioni, magazetini na katika simu. Mashairi ya tanzia yaliandikwa na watu wa kila pembe, wengi wao wakiwa walimu wa shule za upili waliokuwa wamefundisha vitabu vyake kwa miaka bila kumwona.

Atakayeanza kumsoma leo asianze na Kidagaa, japo ndicho kilicho rahisi kupatikana kwa muuza vitabu wa mtaani. Miaka mitano ya mtihani ilikigeuza maswali na majibu, na inahitaji muda kukisafisha kichwani. Aanze na Siku Njema, akisome bila daftari. Kisha Nasikia Sauti ya Mama, ajue aliyemtuma Kongowea barabarani. Kufa Kuzikana ifuate, hasa kwa anayeishi kati ya Kitale na Bungoma, tena ikiwezekana kabla ya mwaka wa uchaguzi. Halafu ndipo arudi Sokomoko.